Adui Aliyeketi Nasi Kikaoni

Wafanyakazi wa mji huu, na hasa wakazi wa Ilala, wanayo sababu ya pekee ya kulitafakari jambo tunaloliandika leo. Mitaa yao imeona vyama vikizaliwa, na imeona pia jinsi vyama vinavyoliwa kutoka ndani. Katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, watu 17 walikutana tarehe 7 Julai 1954 wakaigeuza TAA kuwa TANU. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika Mtaa wa Nkrumah, ndipo FRELIMO ya Msumbiji ilipoweka ofisi yake wakati wa vita vya ukombozi. Ofisi hiyo ilipata pigo baada ya pigo, na mengi ya mapigo hayo yaliletwa na watu waliokuwa na haki ya kuingia mlangoni.

Adui wa nje tunamjua. Ana bendera yake, sare yake na bunduki yake, naye akija tunafunga safu. Anayetusumbua ni yule mwenye kadi kama yetu, anayelipa ada kwa wakati, anayeketi nasi benchi moja na kutuita ndugu. Wazee walikwisha sema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Basi twataka kuonyesha, kwa mambo yaliyotukia kweli, jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Na kisha tuseme neno ambalo huenda lisiwapendeze wengine, kwamba woga wa mamluki, ukiachwa bila taratibu, huifanya kazi ya mamluki kwa niaba yake.

Tarehe 25 Juni 1962, hapa Dar es Salaam, vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana vikawa FRELIMO. Kiongozi wake alikuwa Dakta Eduardo Mondlane, msomi aliyewahi kufanya kazi katika Umoja wa Mataifa na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Muungano ule ulikuwa mchanga. Watu ambao jana walikuwa viongozi wa vyama vitatu, leo walitakiwa kugawana vyeo vya chama kimoja. Na penye vyeo vichache na watu wengi wanaovitamani, mfitini hahitaji mtaji mkubwa.

Ndipo akatokea mtu aliyejiita Leo Milas. Alijitambulisha kuwa Mmsumbiji, akapewa kazi kubwa katika idara ya habari. Wapinzani wake walidai kwamba huyu si mwenzetu, uongozi haukuwaamini. Katika ugomvi uliofuata, David Mabunda, aliyekuwa Katibu Mkuu, na Paulo Gumane, aliyekuwa naibu wake, walifukuzwa chamani mwaka 1963. Uchunguzi ulipofanywa hatimaye, ikabainika kwamba mtu yule ni Mmarekani, na jina lake ni Leo Clinton Aldridge. Mwaka 1964 naye akafukuzwa. Lakini waliotolewa kabla yake hawakurudi. Gumane alikwenda kuongoza COREMO, chama kilichopigania nchi ile ile ya Msumbiji kutoka Lusaka, na nguvu ya wapigania uhuru ikagawanyika.

Hatusemi kwamba mtu huyo alitumwa na serikali fulani. Jambo hilo halikuthibitishwa. Wala kwa somo letu haidhuru. Mwenye chama asisubiri kuona hati ya ajira ya kachero ndipo aamini kwamba hasara imeingia. Aliyewaingia wenzake kwa jina la uongo, akapanda upesi, na nyuma yake wakaachwa viongozi wawili wakuu nje ya mlango, amekwisha tenda yale ambayo adui angemlipa ayatende. Na kosa la chama halikuwa kumpokea mgeni, maana ukombozi wa Afrika umesaidiwa na wageni wengi waaminifu. Kosa lilikuwa kumpa cheo kabla ya kuuliza habari zake, na kuifunga kesi kabla ya kuusikiliza ushahidi.

Njia ya pili ni kulichukua dai la kweli na kuligeuza kuwa fitina. Mwaka 1968 FRELIMO ilikuwa na malalamiko ya haki ndani yake. Vijana waliosoma walijiuliza kwa nini wapelekwe porini wakati wengine wanapata nafasi za masomo ng’ambo. Watu wa kaskazini, ambao vita vilipiganwa katika ardhi yao, waliona kwamba vyeo vingi vimo mikononi mwa watu wa kusini. Hayo ni mambo ambayo chama chenye afya hukaa na kuyajadili. Lakini Machi mwaka huo ghasia zilizuka katika shule ya chama iliyokuwapo Kurasini, Padri Mateus Gwenjere akituhumiwa kuwachochea wanafunzi, na shule ikafungwa. Mei ikafuata ofisi ya chama hapa mjini kuvamiwa na kundi la watu, na Mateus Sansão Muthemba, mmoja wa viongozi, akajeruhiwa na kufa. Aliyekufa hakuwa Mreno, wala walioishika mikono ile ya kipigo hawakuwa Wareno. Lisbon haikufyatua risasi hata moja siku hiyo, na bado ilipata ushindi.

Njia ya tatu ni mali. Lazaro Nkavandame, mwenyekiti wa jimbo la Cabo Delgado, hakupandikizwa na mtu. Alikuwa mtu wa watu, ambaye kabla ya vita aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba. Alipokabidhiwa biashara ya maeneo yaliyokombolewa, alituhumiwa kuyageuza maduka ya wananchi kuwa mali yake na ya wenziwe, akiwauzia wakulima kwa bei ya unyonyaji chini ya bendera ya ukombozi. Chama kilipotaka hesabu, yeye alijibu kwa ukabila. Julai 1968 aliususia Mkutano Mkuu wa Pili. Desemba mwaka huo kamanda Paulo Samuel Kankhomba, aliyekuwa akielekea kazini katika jimbo hilo, aliuawa mpakani. Januari 1969 Nkavandame akavuliwa madaraka. Na mwaka huo huo akajisalimisha kwa Wareno, nao wakaitumia sauti yake kuwaita wapiganaji watupe silaha. Hapa pana fundisho ambalo wanachama wengi hulisahau. Adui hana haja ya kugharimia mtu wa kupenyeza pale anapomkuta mtu wa ndani aliyekwisha oza. Mlango hufunguliwa na yule aliyeshindwa kutoa hesabu.

Baada ya hayo yote ndipo ilipofika tarehe 3 Februari 1969. Dakta Mondlane alipokea barua zake, akaenda katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay afanye kazi kwa utulivu. Ndani ya mzigo ule kulikuwa na kifurushi cha kitabu. Alipokifungua kililipuka, akafa papo hapo akiwa na umri wa miaka 48. Polisi wa Tanzania, wakisaidiwa na Interpol, walizifuatilia betri za bomu lile hadi kwa wauzaji wa Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo. Mkono wa PIDE, polisi wa siri wa Ureno, ulionekana wazi, na vidole vilielekezwa pia kwa watu wa ndani. Hakuna mahakama iliyomhukumu mtu yeyote kwa mauaji yale. Lakini tukiuliza jinsi bomu lilivyoweza kufika, jibu moja halina shaka: lilifika katika chama ambacho mwaka mzima kilikuwa kimejeruhiwa na magomvi, na ambamo ilikuwa vigumu kujua nani anamlinda nani.

Msomaji asidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya Msumbiji peke yake. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, jeshi la Waingereza lilitumia magenge bandia. Afisa Frank Kitson alikuwa miongoni mwa waliobuni mbinu hiyo: wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa walirudishwa msituni wakiwa na mavazi yale yale na nyimbo zile zile, wakawakaribia wenzao na kuwaua au kuwateka. Huko Conakry, tarehe 20 Januari 1973, Amílcar Cabral wa PAIGC aliuawa na watu wa chama chake mwenyewe. Na mjini Chicago, tarehe 4 Desemba 1969, kijana Fred Hampton wa Black Panther, mwenye miaka 21, aliuawa na polisi akiwa kitandani. Ramani ya nyumba yake ilikuwa imetolewa kwa FBI na William O’Neal, mtu aliyekuwa amekabidhiwa ulinzi wa chama. Ndugu wasomaji, tazameni cheo hicho. Mamluki hakujificha nyuma ya ukumbi. Alikuwa ndiye mlinzi wa mlango.

Lakini si kila uharibifu hutumia bomu. Mwaka 1944 idara ya ujasusi ya Marekani, iliyoitwa OSS, ilitoa kijitabu cha kuwafundisha raia walio chini ya utawala wa adui namna ya kuharibu kazi bila kushikwa. Sehemu moja ilihusu mikutano. Iliwashauri watoe hotuba ndefu, wapeleke kila jambo kwenye kamati, tena kamati kubwa, walete mambo yasiyohusika, wabishanie maneno ya muhtasari, wayafufue yaliyokwisha amuliwa katika kikao kilichopita, na wahimize tahadhari pale panapotakiwa kutenda. Kila aliyewahi kuketi katika mkutano wa tawi ataisoma orodha hiyo akacheka, kisha atanyamaza. Maana wengi wetu twatenda hayo bure, bila kulipwa na mtu.

Na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kwa kuwa matendo ya mamluki hufanana na udhaifu wa kawaida wa binadamu, ni rahisi mno kumwita mamluki mtu ambaye ni mchoshi tu, au mbishi tu, au aliyesema kweli mbele ya mkubwa. Neno hilo likiisha zoeleka, kila aliyeshindwa kujibu hoja hulitumia. Anayeuliza zilikokwenda fedha za mazishi huambiwa kwamba ametumwa. Anayetaka uchaguzi ufanywe kwa wakati huambiwa kwamba kuna watu nyuma yake. Kwa njia hiyo mwizi hupata ngao, na mwenye kuuliza hupata jina baya.

Maadui wa vyama walilijua hilo zamani. Mwaka 1964 FBI ilitengeneza karatasi ya uongo, ikaiga mwandiko wa William Albertson, mtumishi wa miaka mingi wa chama cha Kikomunisti cha Marekani, ikahakikisha karatasi ile inaokotwa na wenzake. Ilionekana kama taarifa ya mtoa habari kwa polisi. Chama kikamfukuza mtu aliyekuwa mwaminifu kwake. Alikufa mwaka 1972 hajasafishwa jina. Na mwaka 1989 serikali ya Marekani ikamlipa mjane wake dola 170,000. Hebu tuyapime hayo. Mpelelezi hakuhitaji kumnunua Albertson. Alihitaji tu chama chenye woga mwingi na taratibu chache.

Wala FRELIMO yenyewe haikusalimika na ugonjwa huo. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, alitoa waraka Novemba 1969 akiwashutumu wenzake, akaondolewa katika uongozi, kisha akafukuzwa. Mwaka 1975, huko Nachingwea, kusini mwa nchi yetu, alisimamishwa mbele ya umati akasoma maungamo marefu. Baada ya uhuru wa Msumbiji, yeye, Nkavandame, Gwenjere na wengine waliuawa pasipo kufikishwa mahakamani. Miongoni mwao alikuwamo Paulo Gumane, yule yule aliyetolewa chamani mwaka 1963 katika ugomvi wa mtu aliyejiita Mmsumbiji. Huenda baadhi yao walikuwa na hatia nzito. Lakini hatia isiyopimwa na hakimu haiwezi kutenganishwa na chuki, na damu yao imewaachia wana wa Msumbiji swali ambalo risasi haikulijibu.

Basi tumtofautisheje msaliti na mpinzani? Historia ya Tanganyika inatupa kipimo chema. Januari 1958, katika mkutano wa TANU huko Tabora, palikuwa na mabishano makali juu ya kura tatu, yaani kukubali au kukataa uchaguzi uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Zuberi Mtemvu alikataa uamuzi wa wengi. Alitoka hadharani, akaunda chama cha ANC, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere. Alipata kura 21,276, na Mwalimu akapata 1,127,978. Mtu aweza kumwona Mtemvu kuwa alikosea. Hawezi kumwita mamluki. Alisema jina lake, alisema hoja yake, akaenda kwa wananchi wamhukumu. Mpinzani husema kikaoni yale anayosema barabarani. Msaliti hupiga kura ya ndiyo kikaoni, kisha huenda kuivunja gizani.

Kutokana na hayo twaona kwamba kinga ya chama, cha siasa au cha wafanyakazi, ushirika au kikundi cha kuweka na kukopa, haitokani na kuwa na wapelelezi wengi. Inatokana na mambo machache yanayofanywa kila siku, tena mbele ya watu wote.

Kwanza, hesabu ziwe wazi. Daftari la mapato lisomwe mkutanoni, na fedha zisitoke kwa saini ya mtu mmoja. Kisa cha Cabo Delgado kilianzia dukani kabla ya kufika kwa Wareno.

Pili, cheo kifuate kazi. Mgeni mwenye maneno matamu akaribishwe, apewe kazi ya mikono, aonwe kwa muda, na habari zake ziulizwe kule alikotoka. Mwenye nia njema hataudhika, kwa maana anajua kwamba kesho yeye mwenyewe atalindwa na desturi hiyo.

Tatu, yaliyoamuliwa yaandikwe, na muhtasari usomwe. Mwenye kutaka kulifufua jambo lililokwisha amuliwa alete sababu mpya. Kwa sheria hii ndogo, nusu ya mbinu za kile kijitabu cha 1944 zinakufa bila kumshtaki mtu yeyote.

Nne, mashtaka yawe na mwenyewe. Anayesema kwamba mwenzake ni mamluki aseme mbele yake, ataje tendo, siku na mashahidi. Na anayeshtakiwa apewe nafasi ya kujibu kabla ya hukumu. Tuhuma ya kunong’onezana isipokewe, hata iwe imeletwa na mkubwa. Na karatasi iliyookotwa iulizwe kwanza nani aliyeidondosha.

Tano, malalamiko ya haki yasikilizwe mapema. Kila dai linalozikwa na viongozi huwa silaha mkononi mwa mfitini. Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka yao kwa sababu ya kodi na usumbufu, Waziri Mkuu alikwenda Mnazi Mmoja akawasikiliza mmoja mmoja hadharani. Iwe mtu aliyaafiki madai yale au hakuyaafiki, dai lililosemwa mchana mbele ya maelfu ni gumu kupotoshwa na mtu wa tatu.

Wapo watakaosema kwamba taratibu kama hizo zinafaa wakati wa amani, na kwamba chama kilicho vitani hakina nafasi ya kusikiliza mashahidi. Twawajibu kwa mfano ule ule wa Mtaa wa Nkrumah. FRELIMO ilimpoteza kiongozi wake, na bado Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu chama kizaliwe katika mji huu. Iliokoka kwa sababu palikuwapo wapiganaji, walimu, wauguzi na wakulima waliokuwa wakijua kazi yao na sababu ya kazi hiyo, hata pasipo mtu wa kuwaamrisha. Bomu humwua mtu mmoja. Haliwezi kuua shabaha inayojulikana na kila mwanachama. Chama ambacho siri zake, fedha zake na maarifa yake vimo katika kichwa cha mtu mmoja kimekwisha jiandaa kuuawa, awepo mamluki au asiwepo.

Kwa hiyo wanachama, na wafanyakazi wa bandari, wa viwanda, wa ofisi na wa soko, twawaomba msianze kutazamana kwa jicho la shaka baada ya kuyasoma haya. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmeyasoma kinyume. Katika mkutano ujao wa tawi lenu, ombeni mambo matatu: hesabu za mwaka, muhtasari wa kikao kilichopita, na orodha ya maazimio ambayo hayajatekelezwa pamoja na jina la aliyepewa kuyatekeleza. Atakayejibu kwa karatasi mkononi, mpeni heshima yake. Atakayejibu kwamba anayeuliza ametumwa, mwambieni aketi, na mwulizeni tena.